Nane Inaandikwaje?

Hotuba hii niliitoa Tanga, Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama, mbele ya walimu wa shule za msingi, wanachuo wa ualimu na wazazi. Wengi walioshindwa kufika wameiomba, nami naiweka nzima kama nilivyoisema. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mnaosomea ualimu: asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema tu, "Mwalimu, njoo utuzungumzie lugha mama." Najua wengi mlidhani nitakuja na Kisambaa, Kibondei au Kidigo. Lugha hizo zinaniuma moyoni na sitazisahau. Lakini leo naomba niwapeleke mbali, kwa watu wanaoishi juu ya uwanda ambao wastani wa mwinuko wake unapita mita 4,500. Yaani pale wanapochunga na kulala ni kama kileleni mwa Meru yetu. Nawapeleka Tibet, nchi ya milimani iliyo chini ya utawala wa China, na kwa Watibeti waliotawanyika India na Nepal.

Naomba mniangalie mkono hapa ubaoni.

Naandika herufi tano. Ba. Ra. Ga. Ya. Da. Ga iko katikati, ra imekaa kichwani mwake, ya inaning'inia miguuni, ba imetangulia, da inafunga mlango. Hiyo ni nane kwa Kitibeti. Haya, itamkeni! Mmesikia wenyewe, kila mtu amekuja na yake. Mtu wa Lhasa, mji mkuu wa Tibet, anasema "gye", basi, herufi nyingine zote kazimeza. Mtu wa Ladakh, kule kaskazini mwa India, anasema "rgyat", na ra yake unaisikia.

Kwa nini ziandikwe herufi zisizotamkwa? Kwa sababu maandishi haya ni ya zamani mno. Yalianza karne ya 7, enzi ya Mfalme Songtsen Gampo. Watibeti wenyewe husimulia kwamba mfalme alimtuma waziri wake Thonmi Sambhota kwenda India kusoma, naye akarudi na herufi 30 na alama 4 za irabu. Tangu hapo vinywa vimekwenda njia zake, kila bonde na lahaja yake, lakini tahajia imebaki palepale. Mfugaji wa Amdo, kaskazini mashariki, akikutana na muuza duka wa Lhasa, kila mmoja akasema kwa lahaja yake, wanahangaika kuelewana. Wape karatasi yenye nane hii. Wote wawili wataisoma.

Kumbe nane hii ndiyo inayowafunga wafugaji na wakulima na watu wa mjini kuwa kitu kimoja.

Sasa walimu, nawauliza. Mtoto ataiokota wapi nane hii? Maneno ya kuzungumza mtoto huyaokota jikoni, mgongoni mwa mama, malishoni na babu. Lakini herufi tano ambazo moja tu ndiyo inasikika vizuri, huziokoti jikoni. Lazima akae chini, mtu mwingine amshike mkono. Lazima kuwe na shule. Na hiyo shule ikifungwa, au ikihama, au ikibadilisha lugha, baada ya kizazi kimoja wajukuu wataongea lugha wasiyoweza kuisoma, na baada ya cha pili hata kuongea kutakwisha. Ndiyo maana leo nasema habari za shule, na hasa shule za vijijini. Hekalu kubwa pale Lhasa haliwezi kufanya kazi ya darasa la kwanza la kijijini.

Niliyajulia wapi mambo haya? Nilisoma Mysore, kusini mwa India, miaka ya tisini. Humu ukumbini nawaona wawili watatu waliosoma kulekule. Jumamosi moja rafiki yangu alinichukua tukapanda basi kwenda Kushalnagar, tukatembea kidogo nje ya mji, tukajikuta Bylakuppe. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mahindi. Mahindi ya kiunoni, mistari imenyooka kama ya Handeni! Na katikati ya mahindi kuna bibi kainama anapalilia, nywele kazisuka mikia miwili, mbele kajifunga aproni ya mistari ya rangi nyingi. Kwao walilima shayiri na kuchunga yaki, yule ng'ombe wa manyoya marefu. Dalai Lama, kiongozi mkuu wa dini wa Watibeti, alipokimbilia India mwezi Machi 1959, maelfu walimfuata, na mwanzoni mwa miaka ya sitini serikali ya jimbo la Mysore ikawapa ardhi ya msitu. Wakafyeka. Tembo wakawa wanaingia usiku kukanyaga mazao. Watu wa baridi kali wakajifunza jua na mahindi.

Mzee mmoja alinikaribisha kwake, akanipa chai yao yenye siagi na chumvi. Akaingia ndani, akatoka na ubao wa mbao, mrefu kama mkono, umepakwa rangi nyeusi. Akaupangusa kwa mafuta kidogo, akachukua kifuko cha kitambaa chenye unga wa chaki, akaugongagonga mpaka ukawa mweupe wote. Kisha akachukua kalamu ya mwanzi iliyochongwa ncha, akaanza kuandika, na kila kalamu ilipopita unga ulikwanguka na weusi ukatokea chini. Ndivyo alivyofundishwa kuandika akiwa mtoto. Mwalimu akisharidhika, unafuta, unapaka unga tena, unaanza upya.

Wazee wangu, ubao ule mnaujua. Nilikaa kimya muda mrefu. Marehemu babu yangu alisoma chuoni Pangani kwa ubao kama ule: kalamu ya mwanzi, wino wa masizi, ukimaliza unaosha kwa maji. Babu aliandika barua zake zote za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mimi mjukuu wake, mwenye shahada, zile barua sizisomi. Zimo sandukuni mpaka leo. Kwa hiyo ninaposema wajukuu watashindwa kusoma, sisemi habari za Watibeti peke yao.

Sasa niwasimulie mtu mmoja. Anaitwa Tashi Tsering.

Alizaliwa 1929 katika kijiji cha wilaya ya Namling, upande wa Shigatse. Wakati ule vijiji vingine vililipa kodi kwa watoto. Ndiyo, kwa watoto. Kijiji chao kilidaiwa mvulana wa kwenda Lhasa kuwa mchezaji katika kundi la ngoma za sherehe za Dalai Lama. Zamu ikamwangukia yeye, akiwa na miaka kama kumi. Fikirini mama yake. Lakini mtoto mwenyewe alikuwa na kiu moja: alitaka kujua kusoma na kuandika, na kijijini kwao hapakuwa na shule. Kule Lhasa, ndani ya kundi la ngoma, na kwa fimbo nyingi, akajua kusoma.

Akakua, akaenda India, kutoka India akaenda Marekani, akasoma huko mpaka Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Angeweza kubaki. Wenzake wote walimwambia baki. Mwaka 1964 akarudi, akiamini kwamba ana kazi ya kufanya kwao. Miaka michache baadaye yakaja Mapinduzi ya Kitamaduni ya China, na mtu aliyesoma Marekani, mnaweza kuhisi kilichompata. Aliitwa jasusi. Akafungwa miaka, akitoka gereza hili anaingia lile. Jina lake lilikuja kusafishwa baadaye, miaka ya sabini ikielekea mwisho.

Mtu kama huyo, angekaa kimya akala uzee wake, nani angemlaumu?

Yeye akaanza kuandika kamusi ya Kiingereza, Kitibeti na Kichina. Mwaka 1985 akafungua shule ya jioni ya Kiingereza pale Lhasa, watu wakalipa ada. Akauza mazulia pia. Na fedha alizopata hakujengea nyumba. Alizipeleka Namling, kwa watoto wa wilaya ileile iliyomtoa yeye kama kodi. Alijenga shule ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya tisini, kisha nyingine, kisha nyingine. Alipofariki Desemba 2014, shule zilizojengwa kwa juhudi zake katika wilaya ile moja zilikuwa zimepita 50. Hamsini! Na wanakijiji walifanya kazi kwa mikono yao, kubeba mawe na kusimamisha kuta, kama tulivyofanya sisi zama za kujitegemea.

Lakini hapa ndipo ninapotaka mnisikilize sana. Mzee Tashi Tsering hakuona kuta zinatosha. Mwaka 2007, akiwa na umri wa karibu miaka 80, aliwaandikia wajumbe wa bunge la mkoa akiwataka Kitibeti kitumike shuleni kutoka chini mpaka juu, katika hesabu na sayansi pia. Hoja yake ilikuwa hii: lugha ikifundishwa kama somo moja kati ya masomo, saa chache kwa wiki, mtoto anajua kwamba ni ya mashairi na sala, na mambo ya maana yana lugha yake nyingine. Walimu, hoja hii tunaijua. Mtoto anahesabu kwa lugha gani? Ukitaka kujua lugha ipi itakuwa hai miaka hamsini ijayo, usiwatazame wachezaji ngoma siku ya sherehe. Msikilize mtoto anapohesabu peke yake, midomo ikitikisika.

Mtoto anahesabu kwa lugha gani? Shikeni swali hilo, tutalirudia.

Nije kwenye jambo la pili, na hili litawagusa walimu wa sekondari. Ladakh iko India, kule juu kabisa kaskazini. Si Tibet, na wapo Waislamu wengi huko pamoja na Wabudha, lakini lugha yao ni ndugu wa Kitibeti na herufi ni zilezile. Mpaka miaka ya tisini mtoto wa Ladakh aliongea Kiladakhi nyumbani, akasomeshwa kwa Kiurdu mpaka darasa la nane, kisha darasa la tisa akahamishiwa Kiingereza, na darasa la kumi mtihani mkubwa unamngoja. Kiurdu hakijui vizuri, Kiingereza hakijui kabisa. Vitabu vimejaa miti asiyoiona na mvua asizozijua, maana Ladakh ni jangwa la baridi. Mwaka 1996, kati ya watoto mia waliofanya mtihani ule, waliofaulu walikuwa kama watano.

Watano kwa mia. Na watoto wale waliambiwa nini? Waliambiwa ni wajinga. Watu wa milimani, vichwa vigumu. Sisi tusiwacheke. Sisi tunamfundisha mtoto kwa Kiswahili miaka saba, na asubuhi moja ya Januari tunambadilishia kila kitu, kisha akinyamaza darasani tunasema hana bidii.

Vijana wa Ladakh, akiwemo mhandisi Sonam Wangchuk, walikuwa wameshaanzisha harakati zao mwaka 1988. Mwaka 1994, wakishirikiana na serikali, wakaingia vijijini, wakaunda kamati za elimu za vijiji, kina mama na wazee wakakaa kwenye kamati, wakasimamia walimu wahudhurie. Walimu wakafundishwa upya. Vitabu vikaandikwa vyenye mifano ya Ladakh: milima yao, mifereji yao ya maji, mavazi yao. Kufikia 2015 waliofaulu walikuwa 75 kwa mia.

Sitawadanganya kwamba walipata kila walichotaka. Kiladakhi hakikuwa lugha ya masomo yote. Kiurdu kilipoondoka, Kiingereza kilishika kiti. Mpaka leo wasomi wao wanabishana, je, waandike kwa tahajia ya kale ya vitabu vya dini, au waandike kama watu wanavyosema mitaani. Ni ubishi mkali. Wengine wanaona kuigusa tahajia ya kale ni kuvunja ile kamba inayowaunganisha na Lhasa. Mimi ni mgeni, sitawaamulia. Ninachokiona ni kwamba kijiji kilipoingia darasani, mtoto yuleyule aliyeitwa mjinga akafaulu.

Na sasa nifike kwenye sehemu ngumu.

Katiba ya China, ibara ya 4, inasema kila kabila lina uhuru wa kutumia na kukuza lugha yake na maandishi yake. Imeandikwa. Na kwa miaka mingi vijiji vingi vya Tibet vilikuwa na shule ndogo za msingi zilizofundisha kwa Kitibeti. Kisha tangu miaka ya 2000 mwanzoni, sera ikawa kuziunganisha: shule ndogo za vijijini zikafungwa, watoto wakapelekwa shule kubwa za bweni mijini, na lugha ya kufundishia ikazidi kuwa Kichina. Oktoba 2010 wanafunzi wa Rebkong, mkoa wa Qinghai, waliandamana barabarani kuitetea lugha yao isiondolewe madarasani. Tangu Septemba 2021 Kichina kinatakiwa hata chekechea. Februari 2023 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema watoto wa Kitibeti wapatao milioni moja wanaguswa na utaratibu huo wa bweni. Serikali ya China inakanusha. Inasema wafugaji wametawanyika mno, shule ya kila kijiji haiwezekani, na wazazi wanachagua wenyewe.

Tuwe waadilifu. Uwanda ule kweli ni mpana na watu ni wachache. Na wapo wazazi wa Kitibeti wanaotaka mtoto ajue Kichina vizuri, kwa sababu ajira na mitihani ya serikali ni Kichina. Sisi wenyewe tunawapeleka watoto shule za Kiingereza kwa sababu hiyohiyo. Siwezi kumhukumu mzazi. Lakini mzazi ambaye shule ya kijijini kwake imefungwa, amechagua nini? Mtoto wa miaka sita akienda bweni, anarudi mara chache kwa mwaka, bibi anamsemesha na yeye anajibu kwa lugha nyingine. Hapo hata lugha ya jikoni imekatika, achilia mbali zile herufi tano.

Nawapa watu wawili, kisha mtaona wenyewe.

Wa kwanza ni mtawa, Ragya Jigme Gyaltsen. Mwaka 1994, huko Golog, eneo la Watibeti mkoani Qinghai, kando ya Mto Manjano, karibu na monasteri ya Ragya, alifungua shule kwa ajili ya watoto wa wafugaji wahamaji. Walisoma Kitibeti, walisoma falsafa ya dini yao, walisoma Kichina, Kiingereza, kompyuta. Tazameni hapo: Kichina kilikuwemo! Hakuna aliyesema mtoto asijue lugha ya taifa. Walisema tu aingie katika lugha nyingine akiwa amesimama juu ya yake. Shule ile ilidumu miaka 30, ikatoa walimu, waandishi, watu wa biashara. Julai 2024 ilifungwa.

Wa pili si mtawa wala msomi. Ni muuza duka wa Yushu, Tashi Wangchuk. Alitafuta mahali pa kuwafundishia Kitibeti watoto wa ndugu zake, mjini kwake, mji wa Watibeti, akakosa. Akasafiri mpaka Beijing kutafuta njia ya kufungua kesi, akiishika katiba ileile mkononi. Akazungumza na waandishi wa gazeti la New York Times, uso wazi, jina wazi, akasema hatafuti kujitenga, anatafuta masomo. Hiyo ilikuwa 2015. Januari 2016 alikamatwa. Mei 2018 alihukumiwa miaka mitano kwa kosa la kuchochea kujitenga. Alitoka Januari 2021.

Miaka mitano, walimu. Kwa ajili ya kile ambacho sisi tunakifanya kila asubuhi bila kukifikiria.

Mtaniuliza: sasa anayetaka kusaidia shule za vijijini za watu hawa afanye nini? Ndani ya Tibet milango mingi imefungwa kwa mgeni, na mtu wa nje akijitia ujasiri anaweza kumponza mwalimu wa pale. Lakini Watibeti na jamaa zao wako pia Nepal, Dolpo na Mustang na Humla, wako Ladakh, wako katika makazi ya wakimbizi India. Huko kuna kazi, na naomba niseme kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu wafadhili wengi hupenda kujenga jengo, kupiga picha na kuondoka.

Dolpo ni juu sana, kuna vijiji vya mita 4,000. Majira ya baridi njia zinafungwa na theluji, shule haiwezi kuendelea, walimu waliotoka mabondeni wanashuka. Kwa hiyo mwaka wa shule ni miezi ya joto tu. Na katika miezi hiyohiyo, Mei na Juni, kijiji kizima kinapanda malishoni kuchimba yartsa gunbu, kuvu anayeota juu ya kiwavi aliyekufa ardhini. Jina lake maana yake ni "nyasi kiangazi, mdudu kipupwe". Anauzwa kwa bei kubwa kama dawa, na macho ya watoto ndiyo yanayomwona haraka, kwa sababu wako karibu na ardhi. Kile kikonyo hakizidi unene wa njiti ya kiberiti. Fedha za mwaka mzima ziko pale. Sasa mtaalamu akitoka mjini na kalenda yake ya masomo, akaweka mitihani mwezi Juni, amejenga shule ya nani?

Shule ya kijiji inahitaji kalenda ya kijiji. Inahitaji jiko na mavi makavu ya yaki ya kuwashia, maana kuni hakuna. Inahitaji vitabu vya hadithi vya watoto vya Kitibeti, vya kusoma kwa kucheka. Vya sala vipo vingi, vya kumchekesha mtoto wa miaka saba ni vichache. Na kuliko vyote inahitaji mwalimu aliyezaliwa palepale, anayelipwa mwaka mzima hata theluji ikifunga njia, ili msimu ukifunguka awe bado yupo. Mshahara wa mwalimu haupigwi picha. Ndiyo maana haupati mfadhili.

Isipofanyika hivyo, tunajua kinachotokea. Wazazi wa Dolpo na Humla huwapeleka watoto Kathmandu wakiwa na miaka minne, mitano, wakasomeshwe kwa ufadhili. Safari ni ndefu na ya gharama, wengine hawarudi nyumbani kwa miaka kumi. Wanarudi wakubwa, wamesoma, na mama anasimama mlangoni hamjui mwanawe, na mwana maneno ya kumwambia mama yamemwisha. Wafadhili wa shule zile walikuwa na moyo mzuri, na watoto wengine wamekuwa madaktari na wauguzi, siwezi kuwadharau. Nasema tu kwamba gharama hiyo aliilipa mama, na hakuna aliyeiandika kwenye hesabu.

Watibeti wenyewe waliliona hili mapema. Mei 17, 1960 watoto 51 waliletwa Dharamsala, mji wa kaskazini mwa India, kutoka kambi za wakimbizi waliokuwa wakivunja mawe ya barabara. Walikuwa wagonjwa, wamedhoofu. Aliyewapokea ni Tsering Dolma, dada mkubwa wa Dalai Lama. Alipofariki 1964 mdogo wake Jetsun Pema akaendeleza. Makazi yale yakawa Kijiji cha Watoto wa Tibet. Waliposhindwa kuwarudisha watoto kijijini, walijenga kijiji kuwazunguka watoto: nyumba yenye mama wa nyumba, jiko moja, ndugu wakubwa na wadogo. Na katika madarasa ya chini ya shule za uhamishoni, walipopata nafasi ya kupanga mtaala wao, walitaka masomo yafundishwe kwa Kitibeti. Hesabu pia. Hesabu kwanza.

Nirudi Bylakuppe, nimalize.

Jioni ile, kabla ya basi letu, mjukuu wa mzee alirudi kutoka shuleni. Darasa la pili, sketi ya sare, soksi moja imeshuka. Bibi alikuwa anapukuchua mahindi kwenye ungo. Mtoto akakaa chini, akachota punje, akaanza kuzipanga sakafuni: chik, nyi, sum, shi, nga, druk, dun, gye. Hakuna aliyemwambia ahesabu. Alikuwa anahesabu kwa sababu punje zilikuwepo. Babu akamsukumia ule ubao mweusi, akampa kalamu ya mwanzi. Mtoto akaandika nane, ulimi umetoka nje kidogo kwa bidii. Ba. Ga. Ya. Da. Babu akautazama ubao. Bibi, ambaye nilikuja kuambiwa hakusoma hata siku moja, akainua kichwa kutoka kwenye ungo akauliza kitu, wote wakacheka. Nikamwuliza rafiki yangu amesema nini.

Amesema, "Na ra yake iko wapi?"

Mtoto akapaka unga wa chaki, akaanza upya.

Asanteni kwa kunisikiliza. Chaki iko hapa mezani. Mwalimu wa mstari wa nyuma, ndiyo, wewe mwenye kitenge cha bluu, njoo utuandikie nane.